Wametupima, Tusome na Sisi

Kwale ni kaunti iliyopimwa sana. Watafiti wa kichocho wamekuwa wakija Msambweni tangu miaka ya 1980, na mkojo wa watoto wa Milalani umesafiri mbali kuliko watoto wenyewe. Baada ya kichocho zikaja homa za mbu, dengi na chikungunya, na damu ikatolewa Ukunda na Msambweni mwaka baada ya mwaka. Julai 2025 jarida la New England Journal of Medicine likatoa matokeo ya majaribio ya ivermectin yaliyofanyika humu humu Kwale: mtu anameza dawa, mbu anayemuuma anakufa. Watoto wa miaka 5 hadi 15 katika maeneo yaliyopewa dawa hiyo walipata maambukizi ya malaria kwa asilimia 26 pungufu ya wenzao waliopewa albendazole, dawa ya minyoo. Habari ikazunguka dunia.

Ila matokeo ya utafiti wowote wa hapa yanamfikiaje kipofu wa hapa? Na kiziwi je? Nimewaketisha watu wanne kwenye baraza ya kahawa, Kona ya Musa, wajadili. Majina hawana kwa sababu nimewatunga mimi, lakini hoja zao sikuzitunga. Zinasikika kwenye baraza nyingi za huku, mtu akiwa na subira ya kusikiliza. Kuna Mwalimu asiyeona, mstaafu aliyefundisha historia. Kuna Mtafiti, binti wa Pwani hii, aliyesomea magonjwa ya kuambukiza. Kuna Mhudumu, mama anayezunguka nyumba hadi nyumba na begi la afya ya jamii, ambaye mwanawe wa kiume ana mtindio wa ubongo. Na kuna Kijana, kiziwi, anayezungumza kwa mikono huku dada yake akitafsiri.

Mwalimu: Nianze na simu yangu, maana ndiyo macho yangu. Nikigusa ujumbe unasomwa. Nikigusa gazeti linasomwa. Sasa gusa ripoti ya utafiti uone. Inasema, "Ukurasa wa kwanza kati ya kumi na nne. Picha." Halafu kimya. Nasogeza kidole. "Picha." Nasogeza tena. "Picha." Kurasa kumi na nne za picha! Mtu amechukua karatasi, akaipiga skani, akaituma, na moyoni anajua amenipa ripoti.

Mtafiti: Hiyo ni skani, Mwalimu wangu. Makala za majarida hazifanywi hivyo. Maandishi yake simu inayasoma.

Mwalimu: Inayasoma vipi, mwanangu? Ukurasa una safu mbili. Simu inaanza mstari wa safu ya kushoto, inaruka kulia, inarudi kushoto. Mbu anaanza sentensi, anayeimaliza ni mwenye duka aliyegawa vyandarua. Nikifika kwenye jedwali ni nambari tupu: kumi na mbili, sifuri nukta tatu, arobaini na moja. Za nini? Kichwa cha safu kimebaki juu huko. Nikifika kwenye mchoro, ambao ndio moyo wa makala, naambiwa "Kielelezo cha pili". Basi.

Mtafiti: Sitakupinga kwa hilo. Kuna watu waliokaa wakapima. Walichukua makala za PDF zaidi ya 11,000 za miaka ya 2010 hadi 2019, wakauliza mambo ya msingi: vichwa vimetiwa alama? Majedwali yana vichwa? Michoro ina maelezo? Lugha ya waraka imetajwa? Zilizotimiza yote hazikufika tatu katika mia; zilikuwa asilimia 2.4.

Mhudumu: Mbili? Katika mia?

Mtafiti: Mbili na nusu haijafika. Lakini niwatetee wenzangu kidogo. Sisi tunaandika, mchapishaji ndiye anayetengeneza PDF. Na siku hizi makala nyingi ni za bure, mtu yeyote anafungua halipi kitu.

Mwalimu: Umefungua mlango wa ghorofa ya tatu, ngazi hujajenga.

Hapa Mtafiti ana haki nusu. Ni kweli mchapishaji ndiye anayeharibu mara nyingi, na ni kweli baadhi wameanza kujirekebisha: hifadhi ya arXiv, inayotumiwa na watu wa fizikia na hesabu, ilianza Desemba 2023 kutoa makala kwa HTML pamoja na PDF, na ilisema wazi kwamba inafanya hivyo kwa ajili ya wasomaji wenye ulemavu. Lakini ripoti inayopelekwa afisi ya kaunti, muhtasari wa kurasa mbili anaopewa chifu, fomu ya ridhaa: hizo hazipitii kwa mchapishaji yeyote. Zinaandikwa kwenye kompyuta ya mradi. Kutia alama za vichwa na kuandika sentensi mbili chini ya kila mchoro hakuhitaji mfadhili. Na mtu akitaka kujua kipofu atasikia nini, programu ya kusoma skrini ya NVDA ni ya bure. Waliianzisha Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, mwaka 2006, kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa ghali. Unaiweka kwenye kompyuta, unazima skrini, unasikiliza ripoti yako mwenyewe. Wengi hawafiki ukurasa wa pili.

Mhudumu: Jamani, nisameheni. Mnagombania Kiingereza. Hapa Kona ya Musa wenye macho mawili mazima wangapi wanasoma hizo makala? Mimi natembea na daftari la kaya, nawajua. Mama mwenye nyumba ananiuliza, "Wale waliomtoa mwanangu damu walisemaje?" Sina la kumjibu. Leteni kwanza Kiswahili, leteni na Kidigo kwa wazee, kila mtu aelewe. Hayo ya nukta nundu na simu yaje nyuma.

Mwalimu: Hapo umenigusa, mama. Maisha yangu yote nimeambiwa "kwanza wote, halafu nyinyi." Shule ilijengwa kwanza, vitabu vyetu halafu. Uchaguzi kwanza, karatasi ya kura ninayoweza kuisoma halafu. Hiyo halafu haijafika mpaka leo nimestaafu.

Mhudumu: Sikusema msubiri milele.

Mwalimu: Hujasema. Lakini foleni ikishapangwa, wa mwisho anajulikana.

Kijana: Na mimi siko kwenye foleni zenu zote mbili. Kiswahili cha kuandikwa ni lugha yangu ya pili. Nilijifunza darasani, kama nyinyi mlivyojifunza Kiingereza. Lugha yangu ni hii (anaonyesha mikono yake, na dada yake anatabasamu). Mkiandika muhtasari mzuri wa Kiswahili, mwalimu atausikia kwa simu, mama atausoma kwa jirani. Mimi nitaelewa nusu yake, na watu wataniona nimeshika karatasi wadhani nimeelewa yote.

Mtafiti: Kweli kabisa. Lakini, kaka, ishara za mambo haya ziko? Kingamwili? Dawa ya kulinganishia? Mkalimani akifika hapo anaanza kutaja herufi moja moja kwa vidole.

Kijana: Daktari, "kingamwili" lilikuwepo zamani za mababu? Mliketi mkalitunga. Sisi pia tunatunga, tukiitwa. Edinburgh, Scotland, wanasayansi viziwi na walimu wao wamekuwa wakitunga ishara za fizikia, kemia na biolojia kwa miaka mingi, kila ishara na video yake. Nairobi, Chuo Kikuu kilianza mradi wa kuitafiti lugha ya ishara ya Kenya mwaka 1991. Watu wapo. Ila tunaitwa siku ya hafla, kamera zinapowaka, mkalimani asimame pembeni ya mheshimiwa. Siku ya kuandika hojaji hatuitwi.

Katiba ya 2010 iko upande wa Kijana bila kumumunya maneno. Ibara ya 7 inaitaka serikali ikuze lugha ya ishara ya Kenya, breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia njia hiyo na haki ya kuipata habari. Ibara ya 120 inaitaja lugha ya ishara kuwa miongoni mwa lugha rasmi tatu za Bunge. Lugha yenye kiti Bungeni inakosa kiti kwenye mkutano wa kurudisha matokeo ya utafiti wa kijiji. Na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini 2025, kwa hiyo hakuna atakayesema sheria haijatungwa.

Mazungumzo yakahamia kwenye fomu ya ridhaa, na hapo ndipo kahawa ilipopoa.

Mwalimu: Walikuja kwangu vijana wawili, wana adabu, wamevaa fulana za mradi. Wakanisomea fomu. Nikasema sawa, nakubali, nipeni kalamu nitie sahihi, ninayo sahihi, nimeitumia benki miaka yote. Mmoja akasema, "Mzee, wewe utaweka dole, tumtafute shahidi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndiyo utaratibu wa asiyejua kusoma. Mimi! Nimesomesha watoto wa wilaya hii mpaka wakawa mahakimu. Nikaweka dole kwa mjukuu wangu wa darasa la saba akiwa shahidi. Na nakala ya fomu wakaniachia kwa karatasi. Iko ndani ya Kurani yangu ya nukta nundu mpaka leo, sijui inasemaje.

Mtafiti: Kanuni ya shahidi ni ya kumlinda mtu asidanganywe, Mwalimu.

Mwalimu: Najua. Lakini asiyesoma na asiyeona si mtu mmoja. Mngenitumia fomu kwa simu siku moja kabla ningeisoma mwenyewe, na maswali ningekuwa nayo.

Kijana: Mimi hawakuniuliza kabisa. Alijibu mama yangu. Ana miaka mingapi? Ishirini na mbili. Anaumwa? Haumwi. Anakubali? Anakubali. Nilikuwa nimekaa pale pale, naangalia midomo. Nilijua wamekuja kwa ajili ya malaria nilipoona sindano.

Mtafiti: (baada ya kimya) Hilo ni kosa. Si kosa la Kona ya Musa peke yake, lakini ni kosa. Azimio la Helsinki, lile tunaloapia sisi wa tiba tangu 1964, lilifanyiwa marekebisho 2024. Linataka mtu aelezwe kwa lugha nyepesi. Linataka apewe nafasi ya kujulishwa matokeo. Na kuna jambo ambalo watafiti wengi tunalipita haraka: linasema madhara ya kumwacha mtu nje ya utafiti nayo yapimwe, yawekwe kwenye mizani na madhara ya kumwingiza.

Mhudumu: Kwa hiyo kumruka mtu ni kumdhuru?

Mtafiti: Ndiyo. Kwa sababu aliyerukwa hayumo kwenye hesabu, na asiyekuwemo kwenye hesabu hatengewi kitu.

Hesabu yenyewe tuiangalie kidogo. Sensa ya Kenya ya 2019 ilisema asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2022, linasema dunia nzima ni asilimia 16, watu bilioni 1.3. Hatuwezi kusema Wakenya wana afya mara saba kuliko walimwengu. Sehemu kubwa ya tofauti iko kwenye swali: sensa ilimhesabu aliyesema anapata ugumu mkubwa au hawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika. Bibi wa Msambweni mwenye mtoto wa jicho anayeona ukungu, akiulizwa atasema "naona kidogo, alhamdulillahi", na hapo ameshaondoka kwenye asilimia 2.2. Mtafiti anayepanga mradi akiiangalia nambari hiyo anaona watu wachache, wa gharama kubwa, anawaweka kando. Ndivyo nambari ndogo inavyozaa nambari ndogo zaidi.

Mtafiti: Tuongee pesa basi, maana ndiko tunakoelekea. Mkalimani analipwa kwa siku. Kuchapa breli ni gharama. Video ya ishara ni gharama. Mfadhili ameshaidhinisha bajeti, nitazitoa wapi?

Kijana: Bajeti ilikuwa na friji ya damu?

Mtafiti: Ilikuwa.

Kijana: Na dizeli ya gari? Na barafu? Na bima ya sampuli kwenye ndege?

Mtafiti: Zilikuwemo.

Kijana: Sijaona mtafiti aliyefika Kwale akasema damu tutaitafutia friji mradi ukiisha.

Mtafiti alicheka, na kicheko hicho ndicho jibu la mjadala huu kwangu mimi. Ugumu si kwamba haiwezekani, wala si kwamba ni ghali kupita kiasi. Ugumu ni wakati. Kumfikia mtu mwenye ulemavu kunafikiriwa siku ya mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na vijana wa fulana wameshaondoka. Kukiingizwa kwenye andiko la kwanza, kabla ya kwenda kwa kamati ya maadili, kunakuwa mstari mmoja kati ya mistari arobaini ya bajeti, na hakuna anayeshtuka.

Mhudumu: Nina swali la mwisho, na msinikasirikie. Tuseme yote yamefanywa. Mwalimu amesoma, huyu kijana ametafsiriwa, mimi nimepewa Kiswahili. Mwanangu bado hatembei. Inamsaidia nini?

Hakuna aliyejibu upesi. Hatimaye Mtafiti akasogeza kikombe.

Mtafiti: Nikupe mfano wa kichocho, kwa sababu ni ugonjwa wetu. Kwenye hesabu za dunia kila ugonjwa unapewa uzito wa ulemavu. Uzito ukiwa mdogo, fedha zinakwenda kwingine. Kichocho kilikuwa kimepewa nusu ya asilimia moja, karibu na bure. Mwaka 2005 Charles King, ambaye alifanya kazi miaka mingi hapa Msambweni, na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet. Walikusanya tafiti nyingi wakaona uchovu, upungufu wa damu, maumivu, mtoto kushindwa darasani. Wakasema uzito wa kweli ni kati ya asilimia 2 na 15.

Mhudumu: Kumbe ulemavu una bei yake vitabuni.

Mtafiti: Unayo. Na bei hiyo inapangwa na watu wanaosoma karatasi hizo. Ukiweza kuisoma unaweza kuipinga. Wewe unajua kumlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo kunachukua saa ngapi za siku. Aliyepanga uzito wa hali yake huenda hajui.

Mhudumu: Basi na mimi niletewe. Lakini kwa Kiswahili, dada.

Kijana: Mimi sitaki kuletewa. Nataka kuifanya.

Hapo ndipo Mtafiti alipotaka kusema maabara ina hatari, na Mwalimu akamkata. Alimwambia habari za Geerat Vermeij, Mholanzi aliyepofuka akiwa na miaka mitatu, akawa profesa Marekani na mmoja wa wajuzi wakubwa wa kombe na konokono wa baharini. Kazi yake ni vidole. Anapitisha ukucha kwenye ganda, anahisi ufa uliofunga, anajua kaa aliwahi kulivunja na mnyama akaponea. Kwa alama hizo ameandika historia ya mamilioni ya miaka ya vita kati ya kaa na konokono. Na Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, mwanafizikia wa nyota aliyepoteza uoni akiwa mwanafunzi, aligeuza vipimo vya nyota kuwa sauti akavisikiliza.

Mwalimu: Fikiria mtoto kipofu wa Diani. Kauri na simbi anazichezea ufukweni tangu hajaenda shule. Kwa mtaala uliopita, akifika sekondari alipewa Biolojia iliyorekebishwa na sayansi ya jumla. Fizikia na Kemia walizifanya wenzake. Hakuna aliyemkataza kuwa mwanasayansi. Njia imekatwa tu kabla hajajua iko.

Mtafiti: Ningempokea huyo mtoto.

Mwalimu: Ungempokea leo. Alipaswa kupokelewa darasa la nane.

Mimi sikubaliani na Mwalimu kwa kila kitu. Muhtasari mzuri wa Kiswahili chepesi ndio unaorahisisha kazi zote nyingine: sauti ya simu inausoma, mkalimani anautafsiri, mhudumu anausimulia mlangoni. Mhudumu hakukosea kuudai kwanza. Alikosea kudhani ukishaandikwa kazi imekwisha. Kwa Kijana ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za maadili na kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambao bila kibali chao hakuna mtafiti anayegonga mlango Kwale kihalali. Kabla ya muhuri, ulizeni: asiyeona atasomaje fomu hii, kiziwi atakubali kwa lugha gani, na fungu la kurudisha matokeo kwao liko mstari wa ngapi wa bajeti? Likiwa halipo, rudisheni andiko.

Na wewe msomaji, siku watakapofika kwako na fomu, usitie sahihi wala dole kwanza. Uliza matokeo utayapata lini na kwa njia gani, kisha waambie waliandike jibu hilo hapo hapo kwenye fomu, mbele yako.